MALI BILA DAFTARI: Kufuli la Baiskeli, Ufunguo Wake na Namba Zake



Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza baiskeli si chombo cha mchezo. Ndiyo inayompeleka baba kazini alfajiri, kabla basi la kwanza halijapita. Ndiyo inayompeleka mtoto shule asubuhi na chuoni jioni. Na siku hizi ndiyo mtaji wa vijana wetu wanaopeleka vyakula majumbani usiku. Ikiibwa, kinachopotea si chuma na mipira tu. Hupotea nauli ya mwezi mzima, hupotea saa za kazi, na pengine hupotea kazi yenyewe, kwani mwajiri hana subira na habari za wezi.

Kwa ajili hiyo tumeona yafaa mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku ya msiba: kufuli la baiskeli, ufunguo wake, na namba ziendazo navyo. Wazee wetu wafanyabiashara walikuwa na msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ulisemwa kwa ajili ya duka, lakini unaifaa baiskeli vilevile. Wengi hudhani kwamba kinga yote ni kufuli. Kufuli ni nusu ya kinga. Nusu ya pili ni daftari, na nusu hiyo haina gharama yoyote.

KAZI YA KUFULI NI KUCHELEWESHA

Tuseme kweli tangu mwanzo: hapana kufuli lisilovunjika. Kila chuma kina chuma kikikatacho. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi, kumlazimisha atumie chombo kikubwa zaidi na apige kelele zaidi, mpaka aone heri aiache baiskeli hiyo aende zake.

Wengi wetu tunayakumbuka makufuli ya duara yanayokazwa nyuma ya fremu, ambayo ulimi wake hupita katikati ya spoki za gurudumu la nyuma. Kwetu yalitosha, kwa sababu mtu aliyeogopwa ni yule wa kuipanda baiskeli na kutoweka nayo. Hapa mwizi hana haja ya kuipanda. Huja na gari, akaibeba baiskeli nzima pamoja na kufuli lake, akaenda kulifungua kwake kwa nafasi yake. Kufuli la duara linafaa kuwa la pili, halifai kuwa la pekee. Baiskeli ni lazima ifungwe kwenye kitu kisichobebeka.

Jingine la kutahadhari nalo ni kufuli la waya. Ni jepesi, bei yake nafuu, na rangi zake zinapendeza. Lakini koleo la mkono hulikata kwa sekunde chache bila kelele, kama mtu akataye kamba ya nguo. Waya ufungieni kiti au gurudumu la mbele. Baiskeli yenyewe ifungwe kwa kufuli la chuma kigumu lenye umbo la herufi D, au kwa mnyororo mnene wa chuma kilichokazwa kwa moto.

Kufuli hilo la herufi D lilipata umaarufu Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Michael Zane alipoanzisha kampuni ya Kryptonite huko Massachusetts. Ili kuthibitisha ugumu wake, baiskeli ilifungwa kwa kufuli hilo katika mtaa mmoja wa New York na kuachwa kwa siku 30. Wezi waliinyofoa vyote vilivyonyofoka, lakini fremu waliikuta mahali pake na wakaiacha mahali pake. Hapana shaka kwamba lile lilikuwa somo zuri juu ya nguvu ya kufuli, na vilevile juu ya mipaka yake: kilichofungwa kilibaki, kisichofungwa kilikwenda.

Somo la pili lilikuja mwaka 2004. Iligundulika wakati huo kwamba baadhi ya makufuli yenye ufunguo wa mviringo, ulio kama kijibomba kifupi, yaliweza kufunguliwa kwa bomba la plastiki la kalamu ya kawaida. Kampuni ile ilibadilisha makufuli ya wateja wake, na watengenezaji wakaanza kuuacha ufunguo wa namna ile. Lakini makufuli ya zamani hayafi upesi. Yamo katika vibanda vya bustani, na yanauzwa kwa bei ndogo katika masoko ya vitu vilivyotumika. Mwenye kufuli kuukuu la ufunguo wa kijibomba na aliweke kando.

Basi mnunuzi atalijuaje kufuli jema? Hapa Uingereza kuna taasisi iitwayo Sold Secure, iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa polisi wa Northumbria na Essex. Wataalamu wake hulishambulia kufuli kwa vyombo vya wezi, kisha hulipa daraja. Kwa baiskeli madaraja hayo ni shaba, fedha, dhahabu na almasi. Alama yake hubandikwa kwenye kasha la kufuli. Kwa baiskeli inayolala nje katika mji mkubwa, lisinunuliwe lililo chini ya dhahabu. Na mwenye kukata bima asome mkataba kwanza, kwani makampuni mengi hutaja daraja la kufuli wanalolikubali, na hutaka kuona risiti yake.

Adui mkubwa wa siku hizi ni mashine ya betri ya kukatia chuma, ambayo mafundi huiita grenda. Hiyo hukata makufuli mengi kwa muda mfupi. Yapo sasa makufuli yaliyotengenezwa ili kukinzana nayo, na bei yake ni kubwa. Mwenye baiskeli ya kawaida hayahitaji sana. Kijana ambaye baiskeli yake ya umeme ndiyo kazi yake, na ailinganishe bei ya kufuli na bei ya kuanza upya.

KUFUNGA KUNA UFUNDI WAKE

Kufuli jema lililofungwa vibaya halina tofauti na kufuli baya. Twaziona baiskeli nyingi mitaani zilizofungwa gurudumu la mbele peke yake. Magurudumu mengi ya siku hizi hutoka kwa kuvuta mkono mdogo, bila spana. Mwenyewe akirudi hukuta gurudumu moja limefungwa kwa uaminifu, na baiskeli imekwenda.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kufunga fremu pamoja na gurudumu kwenye kitu kilichokita ardhini. Lililo bora kufungwa ni gurudumu la nyuma, kwa kuwa ndilo lenye gia na ndilo ghali zaidi. Sheldon Brown, fundi mashuhuri wa baiskeli wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, alikuwa akifundisha kwamba kufuli dogo la herufi D likipitishwa katika gurudumu la nyuma, ndani ya ile pembetatu ya nyuma ya fremu, huzuia gurudumu na fremu kwa pamoja, kwani gurudumu haliwezi kuchomolewa katika pembetatu hiyo likiwa limefungwa.

Kanuni ya pili ni kuijaza nafasi ya ndani ya kufuli. Pakibaki pengo kubwa, mwizi huingiza mtaimbo au jeki akalipanua mpaka likapasuka. Kufuli dogo lililobana lina nguvu kuliko kubwa lenye nafasi.

Ya tatu: tundu la ufunguo lielekee chini, na kufuli lisiguse ardhi. Likilala juu ya saruji, mwizi hupata pa kupigia nyundo.

Ya nne: kitikisike kwanza kile unachofungia. Kuna nguzo za alama za barabarani ambazo ni fupi, na baiskeli hunyanyuliwa ikapita juu. Kuna vyuma vya kuegeshea ambavyo wezi wamekwisha vikata na kuvificha kwa utepe wa rangi, wanangoja mgeni tu. Na uzio wa mbao si nguzo.

Ya tano: mwenye uwezo atumie makufuli mawili ya namna mbili, kama vile herufi D na mnyororo. Mwizi aliyebeba chombo cha kuvunjia la kwanza aghalabu hana cha la pili.

Kadhalika jihadharini na hila. Ukirudi ukakuta kufuli geni limeongezwa juu ya lako, au tundu la ufunguo limetiwa gundi, usiende zako nyumbani ukasema utarudi kesho. Hilo ndilo linalongojwa. Mwizi anataka baiskeli ilale pale ili aje usiku. Kaa hapo, mwite jamaa au fundi, na uwaarifu polisi.

UFUNGUO UKIPOTEA

Sasa tuje kwenye daftari. Anayenunua kufuli jipya hupewa funguo mbili au zaidi, na pamoja nazo kibati kidogo au kadi yenye namba. Mara nyingine namba hiyo imechongwa kwenye ufunguo wenyewe. Watu wengi hukitupa kibati hicho pamoja na kasha. Ilhali ndicho chenye thamani kuliko funguo zote, kwa sababu watengenezaji wengi wa makufuli mazuri hutoa ufunguo mpya kwa namba hiyo. Unawaandikia, unawapa namba, unalipa gharama yao, na ufunguo unakuja kwa posta. Asiye na namba mara nyingi hasaidiki, hata akiwa na risiti.

Wengine hutegemea fundi wa viatu anayechonga funguo sokoni. Kwa ufunguo bapa wa meno ya kawaida huenda akafaulu. Lakini funguo nyingi za makufuli bora hazina meno ya namna hiyo. Zina mikato yenye pembe mbalimbali, ya kuzungusha visahani vilivyopangwa ndani ya silinda. Mfumo huo wa visahani ulibuniwa Finland na Emil Henriksson mwaka 1907, na kuuchonga ufunguo wake kunahitaji mashine maalumu ambayo si kila fundi anayo.

Kwa hiyo fanyeni hivi siku ileile ya kununua. Jaribuni funguo zote, mhakikishe kila mmoja unafungua. Andikeni namba katika daftari la nyumbani. Kitoeni kibati katika kishikio cha funguo, kwani anayeokota funguo pamoja na namba ameokota kiwanda cha kuzaa funguo nyingine. Ufunguo wa pili uwekwe nyumbani mahali panapojulikana na wakubwa wawili, si katika mfuko uleule wa shule. Na vijana waambiwe wasipige picha funguo zao na kuzitangaza, kwani jicho la fundi husoma mikato ya ufunguo katika picha.

Ukibaki na ufunguo mmoja tu, huo ndio wakati wa kuagiza mwingine. Usingoje mpaka upotee na huo.

Yapo maradhi mengine ya ufunguo. Kufuli linalokaa mvuani huingia kutu, na ufunguo ukilazimishwa hukatika ndani. Tieni mafuta mepesi katika tundu mara kwa mara, hasa kabla ya baridi kuanza. Asubuhi ya barafu kufuli likigoma, msilimwagie maji ya moto, kwani yatabaki ndani na kuganda tena. Pasheni ufunguo moto kidogo mkononi, uuingize taratibu, na mrudie.

Na ikiwa funguo zote zimepotea na namba haipo? Hapo hakuna njia ila kulikata. Mwite fundi wa makufuli, naye akiwa mwaminifu atakuuliza ushahidi kwamba baiskeli ni yako. Usimkasirikie. Anayekata kufuli la mtu yeyote bila kuuliza ndiye wa kuogopwa. Ukichelewa, halmashauri ya mji huweza kuihesabu baiskeli kuwa imetelekezwa, ikaibandika ilani na baadaye kuiondoa. Na ukienda kuidai, nao watakuuliza ushahidi uleule.

NAMBA ILIYO CHINI YA FREMU

Ushahidi huo ndio namba ya pili. Takriban kila baiskeli ina namba iliyopigwa katika chuma cha fremu. Mara nyingi iko chini kabisa, pale zinapokutana pedali. Baadhi ya fremu huwa nayo mbele chini ya usukani, au nyuma karibu na ekseli. Pindueni baiskeli, futeni matope kwa kitambaa, na msome. Ikiwa haisomeki vizuri, wekeni karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli, kama watoto wanavyochora sarafu. Tarakimu zitajitokeza. Sisi tuliofundisha miaka mingi tunajua kwamba mtoto hulishika jambo akilifanya kwa mikono yake. Mpeni kazi hiyo.

Namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na jina la mtengenezaji, rangi, na alama za pekee: mkwaruzo, kengele, kiti kilichobadilishwa. Ipigwe na picha, mwenyewe akiwa kando yake. Kisha iandikishwe BikeRegister, rejista ya taifa ya baiskeli ambayo polisi wa Uingereza nzima huitumia. Kuandikisha namba ya fremu hakuna malipo. Wanauza pia stika na alama za kudumu, na alama hizo huonya kabla ya kusaidia, kwani mwizi anapendelea mali isiyo na jina.

Faida yake ni hii. Polisi hupata baiskeli nyingi katika misako, zikawajaa katika stoo, na wasijue wazirudishe kwa nani. Mwenye kusema tu "ilikuwa nyeusi, ina gia" hawezi kutofautishwa na wengine mia. Mwenye namba huipata yake. Ikiibwa, pigeni simu 101 au mripoti kwa njia ya intaneti, mtoe namba ya fremu, na mwombe namba ya tukio, kwani bima itaihitaji. Mkimwona mwizi yumo kazini, pigeni 999 na mkae mbali. Baiskeli hununulika, mtu hanunuliki.

BAISKELI YA BEI YA KUTUPA

Hapa tunafika kwenye jambo zito kuliko yote tuliyotangulia kuyasema. Mwizi haibi ili apande. Anaiba ili auze. Na anayenunua baiskeli ya pauni mia nane kwa pauni sitini, usiku, mbele ya kituo cha mafuta, kwa mtu asiyejua hata gia zake ni ngapi, ndiye anayempa mwizi mshahara. Sehemu ya baiskeli zetu zilizoibwa zimekwenda kwa wanunuzi wa namna hiyo, na hatuwezi kuapa kwamba miongoni mwao hamna jamaa zetu.

Hatuna haja ya kumkumbusha msomaji hukumu ya dini juu ya mali ya mtu. Tukumbushe ya sheria, ambayo vijana wengi hawaijui. Katika England na Wales, Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 inamhesabu kuwa na hatia anayepokea mali ya wizi hali akijua au kuamini kuwa ni ya wizi, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 14. Sheria hiyohiyo inalifanya kosa kuichukua baiskeli ya mtu bila ruhusa yake, hata kama mchukuaji alikusudia kuirudisha. "Nimeiazima tu" haiwi udhuru. Na hata asiyejua, mwenye mali akijitokeza baiskeli hurudi kwake, na pesa za mnunuzi zimepotea.

Kwa jamaa zetu kuna hatari zaidi. Kijana akisimamishwa na polisi juu ya baiskeli iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine, naye hana risiti wala hati, ataeleza nini? Na kwa anayesubiri uraia, hukumu ya mahakama huingia katika hesabu ya mwenendo mwema wake. Pauni chache zilizookolewa usiku mmoja huweza kuifunga njia ya miaka kumi.

Kununua kilichotumika si aibu, na wengi wetu tumeanzia hapo. Kuwe tu na utaratibu. Mwulizeni muuzaji namba ya fremu kabla ya kulipa, na mwikague katika BikeRegister, ambako ukaguzi huo pia ni bure. Ikiwa namba imekwaruzwa, ondokeni. Mkinunua, andikeni karatasi yenye majina, tarehe, bei na namba ya fremu, na nyote wawili mtie sahihi. Muuzaji wa halali hatakataa.

MSIKITINI NA NYUMBANI

Wengine husema: mbele ya nyumba ya Mungu, nani ataiba? Ratiba ya sala imebandikwa mlangoni, na mwizi naye anajua kusoma. Anajua kwamba saa ya Ijumaa, na usiku wa Tarawehe, watu wote wamo ndani na hakuna atakayetoka. Mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza kisha kutegemea tumeyasikia tangu utotoni, na yanaihusu baiskeli vilevile. Tunaiomba kamati ya msikiti iiandikie halmashauri kuomba vyuma vya kuegeshea viwekwe mbele, panapoonekana na njia, badala ya watoto kufungia kwenye uzio wa nyuma penye giza.

Msidhani kwamba hatari iko nje tu. Sehemu kubwa ya baiskeli zinazoibwa nchini huibwa nyumbani au karibu na nyumbani. Kibanda cha bustani chenye bawaba za skurubu nne hufunguliwa kwa bisibisi, kufuli lake likabaki limening'inia. Ifungeni baiskeli hata ikiwa ndani, kwenye pete ya chuma iliyokitwa sakafuni au ukutani. Wanaokaa maghorofani wasiiache ngazini wala kwenye ujia, kwani ndiyo njia ya kukimbilia moto unapozuka. Waulize halmashauri juu ya vibanda vya baiskeli vya kukodi mitaani, ambavyo miji mingi sasa inavyo.

Tunamalizia kwa ombi dogo. Jumamosi hii, kabla ya chakula cha mchana, kila nyumba ipindue baiskeli zake na kuandika mistari minne kwa kila moja: namba ya fremu, namba ya ufunguo, tarehe na bei ya kununuliwa, na mahali ulipo ufunguo wa pili. Daftari hilo likae pamoja na pasipoti na vyeti, asipewe mtu wa nje. Kazi yote haizidi nusu saa, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuifanya akisimamiwa.

Wabillahi tawfiq.